Masjala imehamia sebuleni: tathmini ya huduma za Mahakama mtandaoni kwa wakili mwenye familia Dodoma

Tunachopima hapa ni huduma tatu ambazo wakili wa Dodoma anazitumia karibu kila siku: kusajili mashauri na nyaraka kwa njia ya mtandao, kusikiliza mashauri kwa video, na maktaba ya sheria ya TanzLII. Ubora wa kiteknolojia tumeuacha kwa wataalamu wa kompyuta. Tumeangalia jambo moja tu: huduma hizi zinamsaidia kiasi gani mtu mwenye majalada mezani na watoto nyumbani, na zinamgharimu nini.

Kwa kifupi, TanzLII inastahili nyota tano. Usajili wa mtandaoni ni nyota nne, ila nyota moja kati ya hizo utaipata endapo tu utajiwekea masharti yako mwenyewe. Mashauri ya video tunayapa tatu na nusu, na sehemu iliyopungua haihusiani na Mahakama. Inahusiana na nyumba zetu.

Tuanze na usajili, maana ndiko uhondo na balaa vilipo.

Kanuni za usajili wa kielektroniki za mwaka 2018 (Tangazo la Serikali Na. 148) zinasema waraka unahesabika umesajiliwa siku ile ulipotumwa mradi uingie kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki, isipokuwa mahakama iwe imepanga saa nyingine au waraka ukataliwe. Tangu 2023 kazi hiyo inafanyika ndani ya mfumo wa usimamizi wa mashauri unaofahamika kwa kifupi kama e-CMS. Kabla ya usajili wa mtandaoni, mwisho wa siku ulikuwa dirisha la masjala kufungwa. Wakili anayeishi Nzuguni au Iyumbu alilazimika kukimbizana na foleni ya karani, na mwenye shauri Kondoa alipoteza siku nzima barabarani kwa ajili ya mhuri mmoja. Hilo limekwisha, na kwa mzazi ni ukombozi wa kweli. Mama anayenyonyesha ambaye ameajiriwa kwenye ofisi ya uwakili ana haki kisheria ya kupewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi ili amnyonyeshe mtoto. Zamani saa hizo mbili zilimezwa na safari za masjala. Sasa anaweza kwenda nyumbani, akanyonyesha, akatuma majibu ya madai kutoka hapohapo.

Ila ile saa sita usiku ina ncha mbili. Dirisha la masjala lilipofungwa, kazi nayo ilifungwa, na hata bosi mkali alikuwa hana la kufanya. Sasa mteja anajua bado kuna nafasi, mwenye ofisi naye anajua, na kazi iliyopaswa kuisha saa tisa alasiri inahamia mezani pa chakula. Watoto wanakula na baba aliyekodolea macho skrini. Kanuni inakuruhusu kufika saa sita usiku, lakini haikulazimishi, na ukiifanya ruhusa hiyo kuwa ratiba, nyumba ndiyo inayolipa.

Sharti la kwanza la kujiwekea ni kwamba siku ya mwisho ya nyumbani itangulie siku ya mwisho ya sheria. Chukua mfano wa majibu ya madai chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambako mdaiwa ana siku 21 tangu alipopokea wito. Siku ya kupokea haihesabiwi. Wito ukipokelewa tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 24 Machi. Kwenye shajara andika tarehe mbili, kwa rangi mbili: 24 kwa nyekundu na 20 kwa buluu. Ya buluu ndiyo unayomwambia mteja, ndiyo anayoijua karani wako, na ndiyo anayoijua mwenzi wako nyumbani. Siku nne zinazobaki ni za mtoto kupandisha homa, umeme kukatika, mteja kukumbuka risiti aliyoisahau kwenye droo. Mojawapo ya hayo lazima litokee.

Sharti la pili wengi hulikwepa, nalo ndilo chanzo kikuu cha kukesha. Kinachochelewesha usajili ni nadra kuwa mfumo. Mara nyingi ni saini. Hati ya madai ina sehemu ya uthibitisho ambayo mteja anatakiwa kuisaini. Hati ya kiapo inataka mlaji kiapo awe mbele ya kamishna wa viapo, na kifungu cha 8 cha sheria inayowahusu makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinamtaka kamishna aandike mahali na tarehe kiapo kilipoliwa. Hakuna mtandao unaoliondoa hilo. Mteja akiwa Mpwapwa au Kongwa na wewe ukamaliza kuandaa kiapo saa mbili usiku wa siku ya mwisho, uwezo wa kutuma hadi saa sita haukusaidii chochote. Mbaya zaidi ni kishawishi kinachoingia hapo: kuskani ukurasa wa saini uliosainiwa mapema na kuubandika kwenye kiapo kilichobadilishwa baadaye. Usifanye. Kiapo kikigundulika hakikuliwa kama kilivyoandikwa kinaondolewa na maombi yanaanguka nacho, na jina la wakili linabaki na doa mbele ya Kamati ya Mawakili.

Kwa hiyo panga kazi kwa kuanzia kwenye saini. Siku ya kwanza ya mteja kufika ofisini, muulize tarehe atakayorudi mjini kusaini, na uiandike kabla hujaandika aya moja. Kwa majibu ya madai ya siku 21, rasimu iwe tayari siku ya 10, mteja asaini siku ya 13 au 14, uskani siku hiyohiyo, utume siku ya 17. Mteja wa mbali apewe siku ya mnada au siku ambayo tayari ana safari ya mjini, umpunguzie nauli. Mwambie aje na kitambulisho na nakala halisi za vielelezo, maana vielelezo vinavyotumwa kwa picha za simu huwa na kivuli cha mkono na pembe zilizokatwa.

Kuskani nako kuna yake. Dodoma ni mji wa vumbi, hasa upepo unapovuma miezi ya Juni hadi Agosti. Skana inayovuta karatasi yenyewe ina kijioo chembamba pembeni mwa kile kioo kikubwa. Punje moja ya vumbi ikikaa hapo inachora mstari mweusi wima kwenye kila ukurasa, kuanzia juu hadi chini, na ukiwa na vielelezo kurasa 180 hutauona hadi umalize. Futa kijioo hicho kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo kabla ya kila kazi kubwa, kisha skani kurasa mbili za majaribio. Weka nukta 300 kwa inchi, nyeusi na nyeupe, kwa maandishi ya kawaida. Rangi iache kwa ramani, picha na mihuri inayobishaniwa. Ukurasa wa maandishi ulioskaniwa kwa rangi unaweza kukaribia megabaiti moja, huku wa nyeusi na nyeupe ukibaki kwenye kilobaiti mia hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalala. Faili la megabaiti 40 kwenye laini inayopandisha megabiti moja kwa sekunde linahitaji zaidi ya dakika tano bila kukatika, na laini nyingi za simu hupandisha taratibu kuliko zinavyoshusha.

Yape mafaili majina yanayosomeka: hati kuu, kisha kielelezo cha kwanza, cha pili, kwa mpangilio uleule uliotajwa ndani ya hati. Mahali ambapo kielelezo A kimetajwa aya ya 4 na kimeambatishwa kama C ndipo waraka unaporudishwa, na kurudishwa usiku maana yake kurekebisha usiku. Kabla ya kutuma, fungua faili la mwisho lenyewe (usifungue rasimu ya Word) na upitie kurasa zote kwa kidole. Rekodi ya rufaa ya Mahakama ya Rufani, ambayo kwa kawaida hupewa siku 60 tangu notisi ya rufaa ilipowekwa, ni ya kupitiwa na watu wawili mchana kweupe. Ukurasa mmoja wa mwenendo wa shauri ukikosekana, unazaa maombi ya rekodi ya nyongeza, na hayo yatakula Jumamosi mbili za familia.

Kisha malipo. Mfumo hutoa kumbukumbu namba, nawe unalipa kwa benki au kwa simu. Hapa pana mtego ambao wengi huuona umechelewa. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ulioripotiwa kwenye TLR (kitabu cha ripoti za hukumu za Tanzania) ya 1992, ukurasa wa 233, ulisema tarehe ya kusajiliwa ni tarehe ada ilipolipwa, na kupokelewa kwa nyaraka peke yake hakutoshi. Hoja hiyo bado inainuliwa na mawakili wa upande wa pili hata katika zama hizi za mtandao, na ukibishania tarehe, utabishana kwa gharama ya mteja wako. Kinga yake ni rahisi: tuma na lipa siku moja. Ada ya mahakama ichukuliwe kwa mteja pamoja na malipo ya awali, ikae kwenye akaunti ya wateja, isisubiriwe siku ya kutuma. Saa nne usiku si saa ya kumpigia mteja aliye Chemba umwombe atume pesa, na huduma za benki kwa simu nazo hufanyiwa matengenezo usiku. Hifadhi ujumbe wa malipo kwa kuupiga picha, ukiwa na saa na dakika.

Mfumo ukigoma, kanuni zenyewe zimeweka mlango. Aliyepitwa na muda kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi ya mfumo anaweza kuomba nafuu bila maombi rasmi na bila kuuita upande wa pili, si zaidi ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Msajili au hakimu mfawidhi akiridhika, anaongeza muda. Unachohitaji ni ushahidi: picha za skrini zinazoonyesha saa, ujumbe wa kosa, na kila jaribio ulilofanya. Ila zingatia kwamba mlango huo umewekwa kwa ajili ya hitilafu ya mfumo. Bando lako kuisha, au LUKU kuisha, ni hoja dhaifu mno. Na ile saa tisa alasiri inamkuta mzazi kwenye geti la shule, hivyo ombi hilo liwe kitu cha kwanza kabisa asubuhi ya siku hiyo, hata kabla ya mahakama za saa tatu.

Mashauri ya video yana kanuni zake za mwaka 2021, Tangazo la Serikali Na. 637. Faida yake kwa mtu wa mkoa huu haihitaji maelezo marefu. Kondoa ni zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini, Dar es Salaam ni karibu 450. Ni kweli treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari ya Dar, lakini bado ni siku ya kazi inayokwenda kwa shauri la kutajwa la dakika tano. Kwa kutajwa, kupangiwa ratiba ya mawasilisho ya maandishi, na kusomewa uamuzi, omba video kila mahakama inaporuhusu, na uombe mapema kwa barua inayotaja namba ya shauri na hatua lilipo. Kwa kuhoji mashahidi tuna maoni tofauti. Shahidi anayehojiwa kwa kina, anayeonyeshwa kielelezo baada ya kielelezo, anahitaji wakili aliyesimama mbele yake. Nenda mahakamani, ulale huko ikibidi, na familia iambiwe wiki moja kabla.

Sasa nyumba. Nyumba nyingi za hapa zimeezekwa mabati, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikishuka kwenye chumba kisicho na dari hakuna jaji atakayekusikia. Jipatie vipokea sauti vyenye waya na maiki karibu na mdomo. Vile vya bila waya huisha chaji katikati ya hoja. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula karibu gigabaiti moja, kwa hiyo uwe na bando la kutosha na laini ya pili ya mtandao mwingine ndani ya simu nyingine. Kompyuta iwe na chaji kamili, na ruta iwe kwenye betri au UPS, maana umeme ukikatika kompyuta mpakato itaendelea lakini ruta itazima. Vaa kama unavyovaa mahakamani, suruali na viatu pamoja, na joho na bendi (vile vitambaa vyeupe vya shingoni) pale mahakama inapovidai. Utasimama jaji anapoingia, na kamera inaona yote.

Kelele si tatizo kubwa kama siri. Kanuni za maadili ya mawakili za 2018, Tangazo Na. 118, zinakufunga kutunza siri za mteja, na kanuni hizo hazimfahamu shemeji aliyekuja kutoka Singida wala dada wa kazi anayepika jikoni. Dodoma mjini watu wanafahamiana. Jina la mdaiwa likisikika sebuleni asubuhi, jioni linaweza kuwa limefika Majengo sokoni. Chumba chenye mlango unaofungwa ni cha lazima. Kama nyumba ni ya vyumba viwili na watoto wapo likizo, usihangaike, nenda ofisini au mahakamani. Mashauri ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 yasiendeshwe kabisa ukiwa katikati ya familia. Sheria imeyawekea faragha, na hata watoto wako hawastahili kusikia yale yanayosemwa humo.

Kwa watoto wadogo, maneno "baba yupo mahakamani" hayana maana wakati wanamwona baba. Weka alama inayoonekana. Kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango kinaeleweka hata kwa mtoto wa miaka mitatu, mradi kiondolewe mara kikao kinapoisha. Kikiachwa siku nzima, kinapoteza nguvu. Na mlezi ajue orodha ya mashauri inaitwa kwa mpangilio, kwa hiyo saa tatu iliyoandikwa kwenye wito inaweza kuwa saa tano. Mwambie "hadi saa sita mchana", ukitoka mapema iwe faida yake.

Hatari kubwa zaidi ya video, na inayozungumzwa kidogo, ni kukubali mashauri mawili kwa asubuhi moja kwa kuwa yote yapo kwenye skrini. Mahakama Kuu saa tatu, wilaya saa nne, halafu kliniki ya mtoto saa tano. Haifanyi kazi. Shauri la mahakama ya juu ndilo linalotangulia, na mahakama ya chini iandikiwe mapema ikiambatishwa nakala ya wito. Kama unamwomba wakili msomi mwenzako akusimamie, mpe maandishi yanayojitosheleza: namba ya shauri, limefikia wapi, unachoomba, usichokubali, na tarehe tatu ambazo hupatikani. Siku ya kliniki na ya mkutano wa wazazi ziingie kwenye hizo tarehe tatu bila aibu. Mahakama haihitaji kujua sababu yako binafsi wakati wa kupanga tarehe. Inahitaji kujua kwamba haupo. Ukishakubali tarehe na kisha ukaja kuomba ahirisho kwa sababu ya kliniki, hapo ndipo utaulizwa, na una haki ndogo ya kulalamika.

TanzLII haina mengi ya kueleza, maana inafanya kazi yake vizuri. Ni bure, inaendeshwa na Mahakama ya Tanzania, na ina hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu pamoja na sheria. Hukumu zina namba za rejea zisizotegemea kitabu, TZCA kwa Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, hivyo unanukuu bila kwenda maktaba. Tafuta kwa kifungu na maneno mawili matatu, ukiyaweka ndani ya alama za kunukuu yale yanayofuatana. Jaribu maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili pia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na utoaji haki, utafutaji wa lugha moja unaacha nje hukumu unazozihitaji. Pakua zile unazozitegemea mchana ofisini, uziweke kwenye folda ya shauri, ili jioni usome bila kuwasha intaneti. Intaneti ikiwa imezimwa, meseji za wateja nazo zimezimika. Na usinukuu hukumu ya Mahakama Kuu kabla hujaangalia kama Rufani imeitengua.

Kwa Mahakama, ambayo tangu Aprili 2025 ina makao makuu yake hapahapa Dodoma, tuna maombi mawili. La kwanza, orodha za mashauri ya video zitolewe kwa makundi ya nusu saa badala ya wote kuitwa saa tatu. Mzazi anayejua ataitwa kati ya saa nne na saa nne na nusu anaweza kumfikisha mtoto shule na kurudi. La pili, taarifa ya matengenezo ya mfumo itumwe kwa ujumbe wa simu kwa kila wakili mwenye shauri hai angalau saa 48 kabla, ikitaja saa ya kuzimwa na ya kurudi. Ujumbe huo tungeubandika kwenye friji, pembeni ya ratiba ya chanjo.